Nyumba ya kwanza Mwanza kwa kianzio kidogo: benki, mpangaji mnunuzi, kiwanja cha awamu au SACCOS?

Mdogo wangu amepanga vyumba viwili Nyakato kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba wake hapokei kodi iliyo chini ya miezi sita. Kila Januari na kila Julai anahangaika kutafuta 900,000 za mkupuo. Mwezi uliopita alikuja kwangu Buswelu jioni, daftari mkononi, akaniambia: "Dada, kama laki tisa naipata mara mbili kwa mwaka, si afadhali niwe nailipa kwenye nyumba yangu? Nitafutie benki yenye kianzio kidogo kuliko zote."

Yeye ni mwalimu wa sekondari ya serikali. Baada ya makato mkononi zinabaki kama 780,000. Wifi yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Wana watoto wawili na hawajawahi kumiliki hata kiwanja. Mimi nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya mikopo ya SACCOS ya kazini kwetu, yaani chama cha wanachama cha kuweka akiba na kukopa, na nyumba ninayoishi tuliinunua mimi na mume wangu mwaka 2019 kwa mkopo wa benki. Nimeomba mkopo nikakataliwa, nikaomba tena nikapewa, na nimepitisha na kukataa maombi ya wenzangu. Niliyomweleza usiku ule ndiyo ninayoandika hapa, kwa sababu swali lake naulizwa karibu kila wiki.

Kwanza nililigeuza swali lenyewe. Kianzio ni fedha ya siku moja. Ukitaka kujua njia ipi inakufaa, kiangalie pamoja na mambo mengine matatu: rejesho la kila mwezi, jumla utakayokuwa umelipa siku ya mwisho, na jina linalosomeka kwenye hati muda wote unapolipa. Hilo la mwisho tunalisahau, nalo limewaliza watu wengi mjini hapa kuliko riba.

Benki

Benki nyingi zinazotoa mikopo ya nyumba nchini hutaka mnunuzi aweke kati ya asilimia 10 na 20 ya bei. Fedha iliyobaki inalipa benki, na nyumba yenyewe inakuwa dhamana. Riba kwa miaka ya karibuni imekuwa ikicheza kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka, na muda unaweza kufika miaka 25 mradi umalize kabla ya kustaafu. Wanaokumbuka zamani wanajua kuwa hii ni nafuu. Kabla ya 2010 riba ilizidi asilimia 20, na benki zilizothubutu kukopesha nyumba zilihesabika kwa vidole. Amana za wateja zinaweza kutolewa kesho asubuhi. Benki ingewezaje kuzikopesha kwa miaka ishirini? Mlango ulifunguka baada ya sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008 na kuanzishwa kwa TMRC mwaka 2010, kampuni inayozipatia benki fedha za muda mrefu kwa kazi hiyo.

Mdogo wangu ana rafiki aliyehamia Marekani, na rafiki huyo alimwambia kuwa kule nyumba inapatikana kwa kianzio cha asilimia 3.5. Ni kweli. Huo ni mkopo wenye bima ya FHA, idara ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1934. Lakini FHA haikopeshi. Kazi yake ni kumlinda mkopeshaji endapo mkopaji atashindwa kulipa, na bima hiyo inalipwa na mkopaji mwenyewe, kiasi mwanzoni na kiasi kila mwaka. Kwa hiyo hata kule udogo wa kianzio unalipiwa. Hapa kwetu kianzio chenyewe ndicho kinachoituliza benki: ukishaweka fedha yako mwenyewe, inajua hutaondoka kirahisi.

Sasa hesabu. Nimechukua nyumba ya mfano ya milioni 60, vyumba vitatu, kianzio asilimia 10. Unaweka milioni 6 na kukopa milioni 54. Riba ni asilimia 15, inayokokotolewa kwenye salio linalopungua.

| Muda | Rejesho kwa mwezi | Jumla ya marejesho |
|---|---|---|
| Miaka 20 | 711,000 | milioni 170.7 |
| Miaka 15 | 756,000 | milioni 136.0 |
| Miaka 10 | 871,000 | milioni 104.5 |

Angalia mistari miwili ya juu. Tofauti ya rejesho ni 45,000 kwa mwezi. Tofauti ya jumla inakaribia milioni 35. Nilimpa mdogo wangu kikokotoo arudie mwenyewe, kwa sababu hata mimi mara ya kwanza sikuamini. Sababu iko kwenye mwezi wa kwanza kabisa: riba peke yake ya milioni 54 mwezi huo ni 675,000. Ukilipa 711,000, deni linapungua kwa 36,000 tu. Ukilipa 756,000, linapungua kwa 81,000, zaidi ya mara mbili. Kila mwezi unaofuata unaanza na salio dogo zaidi, na faida hiyo inajirudia miaka yote. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza asikubali miaka 20 au 25 kabla ya kumtaka afisa mikopo amwandikie rejesho la miaka 15 kwenye karatasi ileile.

Kianzio nacho kinafanya kazi yake. Ukiweka asilimia 20 badala ya 10 kwa nyumba hiyohiyo na miaka 20, rejesho linashuka hadi 632,000 na jumla inakuwa milioni 151.7. Milioni 6 ulizoziongeza siku ya kwanza zimekuondolea marejesho ya milioni 19.

Kwa haraka, kumbuka hivi: kwa riba ya asilimia 15, kila laki moja ya rejesho inabeba mkopo wa takriban milioni 7.6 kwa miaka 20, milioni 7.1 kwa miaka 15, na milioni 6.2 kwa miaka 10. Mdogo wangu, kwa mshahara wake na ile kanuni ya utumishi kwamba theluthi moja ya mshahara lazima ibaki, akijibana anaweza kutoa 350,000. Kwa miaka 20 hiyo ni milioni 26 na nusu. Nyumba yenye hati kwa bei hiyo ndani ya Nyamagana au Ilemela ni ya kutafuta kwa tochi. Kima cha chini cha mshahara serikalini kimepanda hadi 500,000 tangu Julai 2025, na nimefurahi kwa ajili ya walioko chini, lakini nyumba ya milioni 60 kwa mkopo wa benki bado ni ya kaya yenye mishahara miwili mizuri.

Tena kianzio hakiji peke yake. Kuna ada ya benki ya kushughulikia mkopo, malipo ya mthamini, wakili, ushuru wa stempu wa takriban asilimia 1 ya bei, usajili wa rehani, bima ya moto, na bima ya maisha ya mkopaji. Hii ya mwisho usiinung'unikie: ukifariki inalipa deni, na wanao hawatolewi ndani. Sisi mwaka 2019 vitu hivyo vilitula zaidi ya milioni 3 juu ya kianzio. Hatukuwa tumevipangia. Tulikwenda kukopa kwa mama mkwe wiki moja kabla ya kusaini, na sitaki hilo limkute mtu mwingine. Kodi ya faida ya mtaji, ambayo ni asilimia 10 ya faida, ni ya muuzaji. Iandikwe hivyo kwenye mkataba, kwa maana wapo wauzaji wanaojaribu kumsukumia mnunuzi.

Halafu kuna siku ya mthamini. Nilidhani atakuja kuangalia nyumba. Alipofika alinisalimia, akapita mlango wa mbele bila hata kuutazama, akaenda kwenye pembe ya kiwanja na kuinama kwenye majani. Alikuwa anatafuta bikoni, yale mawe ya mpaka. Zilitakiwa nne, akaziona tatu. Ya nne ilikuwa imefukiwa na kifusi cha jirani aliyekuwa anajenga ukuta. Aliandika kitu kwenye fomu yake, na kwa sababu ya jiwe lile moja mkopo wetu ulisimama hadi mpima ardhi alipokuja kurudishia mpaka. Tangu siku hiyo, nikienda kuangalia nyumba na mtu, naanzia kwenye pembe za kiwanja. Masinki na vigae baadaye.

Hilo linanileta kwenye milima yetu. Mabatini, Igogo, sehemu za Isamilo na Kirumba, watu wamejenga juu ya mawe tangu enzi za babu zetu, na nyumba nyingine ni nzuri hasa, zinatazama ziwa. Lakini nyingi zina karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa tu, au leseni ya makazi ya muda mfupi. Muhuri wa mwenyekiti unathibitisha kuwa mlikutana mkauziana; haukupi hati miliki, na benki haitoi mkopo wa nyumba wa miaka 15 kwa karatasi hiyo. Urasimishaji wa makazi yasiyopimwa umewasaidia wengi kupata upimaji na hatimaye hati, kwa hiyo muulize muuzaji mtaa wake umefika hatua gani: je, ramani ya upimaji imeidhinishwa, au kamati bado inachangisha? Majibu hayo mawili yanatofautiana kwa miaka.

Wenye ndoa, jambo moja la kisheria: nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Na mkopo ukishindikana, mkopeshaji anatakiwa akupe notisi ya siku 60 kabla ya kuchukua hatua ya kuuza. Siku hizo 60 ni za kwenda benki kuomba upangiwe upya. Usizitumie kuzima simu.

Kwa Waislamu wasiotaka riba, wapo wanaotoa huduma kwa misingi ya sharia, Amana Bank na madirisha maalumu ya benki nyingine. Mtindo unaojulikana zaidi kwa nyumba ni ubia unaopungua: wewe na benki mnainunua pamoja, unalipa pango kwa sehemu ya benki huku ukinunua hisa zake kidogo kidogo. Kwa kuwa wewe ni mbia, kianzio hakikwepeki. Jumla ya malipo ilinganishe kwa namna ileile ya jedwali hapo juu, na uulize pango linapitiwa upya kila baada ya muda gani.

Mpangaji mnunuzi

Kwa mtumishi wa umma hili ndilo la kuulizia kabla ya benki. Watumishi Housing, ambayo sasa inaitwa WHI, imejenga nyumba za watumishi mikoa kadhaa, kwetu ikiwa ni Kisesa, kilomita zisizofika 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, nalo limewahi kuuza kwa mtindo huo. Unaingia kwenye nyumba kama mpangaji, unalipa kila mwezi kiasi ambacho ndani yake mna bei ya nyumba, na ukimaliza inakuwa yako.

Uzuri wake ni kwamba kodi unayolipa leo ndiyo rejesho, na kianzio huwa chepesi kuliko cha benki. Nyumba iko kwenye eneo lililopimwa, lina barabara na maji. Nenda Kiseke utazame mtaa ule wa nyumba za mfuko wa pensheni ulivyotulia. Kituo cha daladala bado kinaitwa Kiseke PPF ingawa PPF yenyewe iliunganishwa kwenye PSSSF mwaka 2018.

Lakini rudi kwenye jina la hati. Muda wote unapolipa, hati ni ya mwenye mradi. Wewe ni mpangaji mwenye ahadi. Kwa hiyo thamani yote iko kwenye mkataba, na vipengele viwili ndivyo vya kusomwa kwa kidole. Cha kwanza, ukihamishwa kituo cha kazi kwenda Kigoma au ukashindwa kulipa mwaka wa sita, unarudishiwa nini? Cha pili, baada ya malipo ya mwisho, mwenye mradi ana siku ngapi za kukuhamishia hati, na gharama ya uhamisho ni ya nani? Mkataba usiojibu hayo mawili usiusaini hata kama kianzio ni sifuri.

Tatizo lililomkuta mdogo wangu ni dogo kuliko hayo: nyumba zenyewe ni chache na huisha haraka. Nilimwambia aandikishe jina hata hivyo. Halimgharimu kitu cha maana.

Kiwanja cha awamu "bila riba"

Vipeperushi vyake viko kila mahali sasa, stendi ya Nyegezi, Igoma, kwenye magrupu ya simu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, na kwa sababu ya reli ya kisasa inayojengwa kupitia Fela, Usagara yote na ng'ambo ya Busisi imekuwa "uwekezaji". Mdogo wangu alikuwa na kimoja ndani ya daftari. Sitaji kampuni. Kiwanja cha mita za mraba 500. Ukilipa taslimu ni shilingi 10,000 kwa mita, yaani milioni 5. Ukilipa kwa miezi 12 ni 13,000 kwa mita, yaani milioni 6.5. Kianzio asilimia 30. Chini kwa maandishi makubwa: HAKUNA RIBA.

Tulikaa kwenye meza tukaikokotoa. Kianzio ni 1,950,000. Kwa bei ya taslimu, deni halisi lililobaki ni 3,050,000. Yeye angelipa 379,000 na ushee kila mwezi kwa miezi 12, jumla 4,550,000. Milioni moja na nusu ya ziada juu ya deni la milioni tatu, kwa mwaka mmoja. Ukiibadilisha kuwa riba inazidi asilimia 6 kwa mwezi. Hakuna benki Mwanza itakayokukopesha nyumba kwa riba hiyo. Fedha hiyohiyo, 3,050,000, ukiichukua SACCOS kwa asilimia 1 kwa mwezi ya salio linalopungua, utalipa 271,000 kwa mwezi na riba yote ya mwaka ni kama 202,000.

Alikaa kimya, halafu akasema, "Kwa hiyo dada, bila riba inanigharimu mara saba ya riba." Ndivyo.

Si kila muuza viwanja ni mwizi, na kwa mtu asiye na SACCOS wala mshahara, awamu inaweza kuwa mlango pekee. Ila muulize bei ya taslimu kwanza, ndipo utajua bei ya awamu inakuuzia nini. Uliza pia kama eneo ni la mji au bado ni ardhi ya kijiji. Ardhi ya kijiji ina sheria yake ya mwaka 1999 na hati yake ya kimila, inapita kwa halmashauri ya kijiji na mkutano wa kijiji, na benki hukaza uso ikiiona. Na usipokee jibu la "hati iko kwenye mchakato". Omba namba ya kitalu na kiwanja, uende nayo ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi mwenyewe, ujue mmiliki aliyeandikishwa ni nani.

SACCOS na kujenga kwa hatua

Hapa ndipo nilipomuuliza mdogo wangu ana akiba kiasi gani kwenye SACCOS ya walimu. Alifikiri kidogo. "Kama milioni tatu." Hakuwa ameiandika kwenye daftari. Kwake yeye ile ilikuwa makato tu kwenye hati ya mshahara, kumbe ndiyo kianzio chake.

SACCOS nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Milioni 3 zinafungua milioni 9, na akiba haitumiki, inabaki kama dhamana pamoja na wadhamini. Hakuna mthamini, hakuna rehani. Hati ya kiwanja utakachonunua inatoka moja kwa moja kwa jina lako, na unakaa nayo nyumbani.

Kitu kimoja usikiachie: uliza riba inakokotolewaje. "Asilimia moja kwa mwezi" ina sura mbili. Milioni 9 kwa miezi 36, riba ya salio linalopungua, rejesho ni 299,000 na jumla milioni 10.76. Riba ileile ikipigwa kwenye mkopo wote mwanzo hadi mwisho, rejesho ni 340,000 na jumla milioni 12.24. Karibu milioni moja na nusu, kwa neno moja ambalo halikuulizwa. Kwenye kamati yetu tunamsomea kila mwombaji jumla kwa sauti kabla hajasaini. Sijui kwa nini si kila mahali wanafanya hivyo, ilhali inachukua nusu dakika.

Mkopo wa mshahara wa benki ni ndugu wa njia hii: hauna kianzio wala hati, na unaweza kwenda miaka 7. Milioni 20 kwa asilimia 15 ni 386,000 kwa mwezi, jumla milioni 32.4. Wengi waliojenga Buhongwa na Kishiri walipitia humo. Mimi nauogopa kwa sababu moja tu: fedha inaingia yote siku moja kwenye simu, na kiwanja bado hakijaonekana. Nimeona milioni 20 zikiwa milioni 14 kabla ya tofali la kwanza.

Wa biashara kama wifi yangu naye ana jambo lake. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka hawafuati taa, na mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Kipato chake kinapanda na kushuka na mwezi wa mbinguni, wakati rejesho linataka tarehe ya kalenda. Kwenye SACCOS au kikundi unaweza kuomba kulipa kila wiki kwa siku za giza na kupumua siku za mbalamwezi. Benki haikubali kirahisi hivyo. Ila auze kwa namba ya malipo na kupitisha fedha kwenye akaunti; miezi 12 ya mzunguko unaoonekana ndiyo hati ya mshahara ya mfanyabiashara.

Na kujenga kwenyewe. Mwanza ina mawe, na mawe yana sura mbili pia. Msingi wa mawe ni imara na mawe hayatoki mbali. Lakini kiwanja cha mteremko kinachouzwa nusu bei kitakudai nusu iliyobaki kabla hujafika usawa wa ardhi. Kuna mwenzetu alinunua kilimani, gari halifiki. Mchanga ulipandishwa kwa ndoo, kila ndoo na bei yake, na msingi peke yake ukala fedha aliyoipangia hadi lenta. Nenda na fundi kabla ya kulipa. Aangalie mwamba uko wapi, lori linaishia wapi, na maji ya mvua yanapita wapi. Chukua kibali cha ujenzi mapema, na usinunue mabati kabla ya kuta kwa sababu tu yameshuka bei.

Mwenye hati mkononi hajaachana na benki moja kwa moja. Baadaye, kuta zikisimama, anaweza kuomba mkopo wa kukamilisha, na kiwanja pamoja na boma hilo benki nyingi hulihesabu kama mchango wake. Anaingia benki safari hii bila kutafuta kianzio, na kwa mkopo mdogo. Milioni 15 kwa miaka 10 hazifiki 245,000 kwa mwezi.

Mkiwa wawili mna mishahara na nyumba imeshapatikana yenye hati safi, mimi nawashauri benki, miaka 15 au chini, kianzio kikubwa mnachoweza, na fedha ya gharama za kusaini iwe pembeni. Mtumishi aliyepata nafasi ya mpangaji mnunuzi na mkataba unaojibu yale maswali mawili, aichukue. Kwa mdogo wangu nilisema SACCOS na kiwanja kilichopimwa, taslimu.

Hakufurahi sana. Alitaka kuhama mwaka huu, na hii ni miaka minne, mitano. Atalipa laki tisa za Nyakato mara kadhaa zaidi, na kiasi kingine kidogo ataanza kukiweka kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ule wa WHI unaoanza na 10,000, kwa ajili ya mabati.

Wiki iliyopita tulikwenda watatu kutazama kiwanja upande wa Kisesa. Nilianza kwenye pembe. Bikoni zote nne zipo, moja tumeifukua kwa jembe la jirani. Upekuzi ni Jumatatu. Tukiwa tunarudi kwenye daladala, wifi alimchukua mumewe lile daftari, akafungua ukurasa mweupe, akaandika namba ya kitalu na kiwanja. Chini yake akaandika jina la mumewe, halafu la kwake. Akanigeukia: "Wifi, hapo kwenye hati, yataandikwa yote mawili?" Nikamwambia ndiyo, aseme hivyo mapema, fomu ikiwa bado haijajazwa.